Mguu wa Masika

Kampuni nyingi za utalii pale Arusha zina ushauri mmoja kwa mgeni: usije Aprili. Njoo Juni, njoo Septemba, njoo wakati mlima unaonekana na gari halikwami. Kwa anayekuja kutazama tembo akiwa ndani ya gari, ushauri huo ni wa kweli. Lakini kwa anayetaka kuujua mji mgeni kwa miguu yake mwenyewe, Aprili ndiyo mwezi wenyewe, na mahali pa kuanzia si Arusha mjini. Ni Kikatiti.

Kikatiti imekaa kandokando ya barabara kuu ya Arusha–Moshi, ukishapita Usa River na Maji ya Chai, kabla hujafika njia panda ya Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Abiria wengi huijua kwa dirishani tu: maduka pembeni mwa lami, bodaboda wamejipanga, wauza matunda wanakimbilia basi, kisha imepita. Masika yakishika, Machi hadi Mei, wanachokiona ni watu wamejibanza chini ya mabati na maji mekundu yakikatiza lami. Hawajui kwamba mita chache tu kutoka hapo, pale njia zinapoanza kupanda kuelekea kijiji cha Sakila, kuna ufundi unaofanyika kila asubuhi ambao sijauona ukisifiwa popote. Ni ufundi wa kutembea kwenye mvua.

Usidhani natania ninapouita ufundi. Una vifaa vyake, una kanuni zake, una wanagenzi na mafundi, na kosa lake linauma. Udongo wa huku ni wa volkano. Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, ulitema moto mara ya mwisho mwaka 1910, lakini majivu na matope yake ya maelfu ya miaka ndiyo yaliyotandazwa chini mpaka kwenye mashamba ya mahindi karibu na lami. Kiangazi udongo huo ni vumbi linaloingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa. Mvua ya siku moja ikiuloweka, juu panakuwa utelezi na chini bado pagumu. Mguu unaokanyaga kwa kujiamini huenda zake wenyewe. Mvua ya wiki mbili ikishapita, tope lina kina, linanyonya kiatu na kukibakiza. Kwa hiyo njia ileile huhitaji mguu wa namna moja mwanzoni mwa Aprili na mguu mwingine mwishoni mwake, na mwenyeji hubadilisha bila kuambiwa.

Tazama mama anayeshuka na mkungu wa ndizi kichwani. Nimesimama mara nyingi pembeni mwa njia nikiwatazama, na bado sijachoka. Kichwani kuna kata ya khanga kuukuu iliyozungushwa vizuri, juu yake mkungu umelala kwa ubavu, na mkono mmoja umeugusa kidogo tu. Viatu haviko mguuni. Vimo ndani ya kikapu au vimefungwa kiunoni. Anateremka kwa hatua fupi, fupi kuliko unavyofikiri, magoti yamelegea, nyayo zimegeuzwa upande kidogo ili unyayo wote ukatize mteremko badala ya kuufuata. Vidole vimepanuka. Dole gumba ndilo linalotangulia kuchimba, kisha uzito unafuata, na mguu wa nyuma hauinuliwi mpaka wa mbele umekubali. Macho hayatazami miguu. Yako hatua tatu au nne mbele, yanachagua: ukingo wa majani kwanza, kisha mzizi wa mti ulioachwa wazi na maji, kisha mabua ya mahindi ambayo mtu mwenye huruma ameyatupa juu ya dimbwi. Jiwe lenye ukungu wa kijani linarukwa. Njia iliyopitiwa na ng'ombe asubuhi hiyo inaachwa kabisa, hata kama ndiyo fupi.

Kuna wakati anateleza. Hapo ndipo unaona tofauti ya fundi na mgeni. Mgeni akiteleza hukaza mwili wote, hujivuta nyuma, na kwa kujivuta huko anakwenda chini. Mama huyu analegea zaidi, anauacha mguu uende sentimita zake chache, goti linapokea, shingo inabaki wima, mkungu hautikisiki. Wazee walisema kuteleza si kuanguka, na huku msemo huo unatekelezwa kwa magoti.

Akifika penye kalvati karibu na lami, anatua mzigo kwa msaada wa yeyote aliye karibu, ananawa miguu kwa maji ya mtaro, anakung'uta khanga, anavaa viatu. Anaingia sokoni msafi. Ukimwona pale mbele ya meza yake huwezi kujua alikopita, na hivyo ndivyo anavyotaka iwe.

Nilimwamkia mmoja siku mvua imekatika kidogo. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Pita huku juu, hapo chini pana utelezi." Hakusimama, hakunitazama usoni. Alikuwa ameshaviona viatu vyangu, akayamaliza yote kwa sentensi moja.

Viatu vyenyewe ni habari ndefu. Gambuti zinasifiwa sana, na kwa mtu wa shambani au wa kuosha magari hazina mpinzani, lakini kwa safari ya kutwa nzima ni nzito, zinachoma, na maji yakishaingia kwa juu hayatoki. Katambuga, zile ndara za matairi zinazoshonwa na kuuzwa Arusha, hushika lami na mawe vizuri mno, ila kwenye tope laini hubeba ardhi yote na kuwa tofali. Yeboyebo za plastiki ni nyepesi, hazinyonyi maji, huoshwa kwa sekunde mbili, ndiyo maana vijana wengi wa Kikatiti huzivaa masika yote, ijapokuwa kwenye mteremko mkali mguu huogelea ndani yake. Raba za mjini zenye soli laini ndizo mbaya kuliko zote. Uamuzi wangu, baada ya kuwatazama wanaojua, ni huu: kwenye mlima, mguu mtupu ukishakomaa haujapata mshindani, na ambaye mguu wake haujakomaa avae kiatu chenye meno, afunge kamba vizuri, apunguze hatua.

Kichwani nako kuna mabadiliko yake. Zamani mvua ikianza ungeona vichwa vimevikwa mifuko ya rambo, hasa vya akina dada waliotoka kusuka. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia Juni 1, 2019, na rambo ikaondoka kichwani kama ilivyoondoka sokoni. Siku hizi ni kofia ya nailoni ya bafuni, ni khanga mbili zilizokunjwa, ni mwavuli kwa mwenye nao. Na juu kwenye migomba bado lipo jani lenyewe, linalokatwa kwa panga, likashikwa kwa kikonyo chake na kutupwa safari ikiisha.

Mwavuli una historia yake katika njia za huku. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro Mei 11, 1848, anakumbukwa kuwa alisafiri na mwavuli badala ya bunduki. Alirudi tena Aprili 1849, katikati ya masika, akafika Machame. Vitabu vinamtaja yeye na mwavuli wake. Mimi namheshimu zaidi Bwana Kheri, kiongozi wa msafara wake wa 1848, maana ndiye aliyejua njia, na wapagazi waliobeba mizigo bila mwavuli wowote. Msafara wa nyika na milima ulikwenda kwa miguu ya watu hao. Wakati Rebmann akiandika kuhusu mlima, kuna mtu alikuwa anachagua pa kukanyaga.

Mgeni akitembea Kikatiti mvua ikinyesha atagundua jambo la pili: watu hawaichukii. Angalia chini ya kila paa. Kuna mfereji wa bati, hata kama ni kipande kimoja kilichofungwa kwa waya, na chini yake pipa, ndoo, beseni, sufuria, tenki la plastiki kwa mwenye uwezo. Sababu yake ni nzito. Maji mengi yanayotoka kwenye miamba ya Meru yana madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya upande huu vimepita hapo mbali. Maji hayo ndiyo yanayotia meno rangi ya kahawia, na kwa waliokunywa tangu utotoni kwa wingi, hupinda hata mifupa. Ngurdoto, jirani tu, kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji. Maji ya mvua hayana tatizo hilo. Kwa hiyo mvua inayomfanya msafiri alalamike ndiyo maji salama ya mtoto wa nyumba ile. Ukilijua hilo, hata namna yako ya kupita mbele ya nyumba za watu inabadilika: hukanyagi mfereji, huegemei pipa, hunawi miguu kwenye ndoo iliyo chini ya bati. Unanawa mtaroni.

Kunawa miguu kabla ya kuingia ni adabu ya kale katika Afrika Mashariki. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba watu walitembea bila viatu, na aingiaye msikitini alinawa miguu kwanza, kisha akajifuta kwenye mkeka mnene uliowekwa mlangoni. Leo mlangoni pa nyumba ya Mmeru utakuta gunia lililokunjwa na kipande cha chuma cha kukwangulia tope. Mgeni anayesimama hapo akajikwangua taratibu, bila kuambiwa, ameshapata chai.

Kisha kuna kungoja. Watu wa mjini hudhani kutembea ni kwenda tu. Mafundi wa masika wanajua kuwa nusu ya safari ni kusimama mahali sahihi. Mvua ya asubuhi yenye wingu jembamba huvumiliwa, mtu hupita nayo. Ile inayokuja na upepo kutoka mlimani, ikatanguliwa na ubaridi wa ghafla, hiyo watu huitafutia paa kabla tone la kwanza halijaanguka. Baraza ya duka inajaa watu wasiojuana: mwenye bodaboda, mwanafunzi, bibi na kuku wake, fundi cherehani mwenyewe. Hapo ndipo mgeni anapoupata mji. Hakuna anayekimbia, hakuna anayekuuzia kitu, na kimya kikizidi mzee mmoja atakianzia mbali.

Wazee wa upande huu wakianza, mara nyingi hufika 1951. Novemba mwaka huo serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili ardhi ipewe walowezi, ikawataka wahamie King'ori, upande huu huu wa mlima ilipo Kikatiti. Wengi waliikataa ardhi hiyo. Mwaka uliofuata msemaji wao, Kirilo Japhet, alikwenda New York kuwasilisha kilio chao Umoja wa Mataifa. Ukisikia habari hiyo ukiwa umesimama chini ya bati, na nje vilima vyenyewe vya King'ori vinanyeshewa, unaelewa kwa nini watu wa huku wanakijua kila kipande cha njia. Ni mvua iliyokusimamisha hapo. Kiangazi ungekuwa umeshapita.

Sasa chukua ufundi huo uende nao Arusha mjini. Haisi kutoka Kikatiti inapita Maji ya Chai, Usa, Tengeru, ambako barabara ya njia nne huanza na kuendelea hadi Sakina. Vioo vimepata ukungu, konda anafuta kwa kiganja, na msafiri anashuka katika mji ambao umepoteza alama yake kuu. Maana kiangazi Arusha haipotezi mtu: ukiinua macho, Meru uko kaskazini. Masika mlima umefunikwa siku tatu, siku nne, na mgeni anazunguka soko lile lile akidhani ni jingine.

Lakini maji hayajafunikwa. Themi, Naura, Kijenge, Burka, mito hii yote inashuka kutoka Meru na kuukata mji kwenda kusini, na karibu kila mtaro unafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo mvua ikinyesha, Arusha nzima inakuonyesha dira kwenye miguu yako. Ukitembea kinyume na maji unakwenda mlimani, Sanawari na Sekei. Ukiyafuata, unashuka kuelekea Unga Limited, kuelekea Njiro. Ukikatiza daraja, umetoka mtaa mmoja umeingia mwingine. Kutoka Mnara wa Saa, Barabara ya Boma inapanda mpaka kwenye Boma la Wajerumani la mwaka 1900, ambalo sasa ni makumbusho, na maji yanashuka kukulaki njia nzima. Sijui njia bora kuliko hii ya kuusoma mji huu, na haipatikani Septemba.

Maji hayo hayo husema jambo lingine, gumu kidogo. Yanakuonyesha nani alijengewa mtaro na nani hakujengewa. Mitaa ya juu, yenye miti mikubwa, hukauka saa moja baada ya mvua kukatika. Maji yake, pamoja na taka zake, yanafika kwa watu wa chini. Mgeni wa kiangazi ataona maduka, majengo, mitumba, akasema mji ni mmoja. Aliyetembea Aprili ameshaona kwa macho yake kwamba si mmoja.

Katikati ya mji mafundi wanatembea kwa varanda. Barabara ya Sokoine na mitaa inayozunguka Soko Kuu ina maduka ya zamani yenye vibaraza vya mbele, na mwenyeji anaweza kutoka mwisho huu hadi ule akilowa mara chache tu, akivuka mahali ambapo varanda mbili zinatazamana. Anajua bati gani linamwaga, anajua muuza magazeti atamsogezea nafasi. Hamuulizi njia mtu anayekimbia. Anamuuliza aliyesimama: fundi viatu, mama ntilie anayefunika sufuria zake kwa nailoni. Salamu kwanza, pole ya mvua pili, swali tatu. Akizidiwa kabisa, anaingia katika makumbusho ya Azimio la Arusha pale Kaloleni, penye ukumbi ambamo viongozi wa chama cha TANU waliketi Januari 1967, asome ukutani mpaka mvua itulie. Nimewaona watu wazima wakisoma Azimio kwa mara ya kwanza kwa sababu walikimbia mvua, na walisoma kwa makini.

Ipo kanuni moja isiyo na mjadala. Korongo lenye maji yanayokwenda halivukwi, hata kama jana lilivukwa, hata kama mtu mbele yako amevuka. Maji ya Meru huja kwa ghafla. Mvua inaweza kuwa imenyesha juu na hapo ulipo jua linawaka. Aprili 12, 2024, eneo la Muriet, Arusha, gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji likijaribu kupita, na watoto wakafa. Mji mzima ulilia. Fundi wa masika akifika korongoni husimama, hutupa kijiti, hutazama kinavyokwenda, hutazama rangi ya maji, na akiona takataka mbichi za majani zinapita anarudi nyuma bila aibu. Hiyo ndiyo alama ya ufundi wake kuliko kutembea vizuri kote nilikokusifia.

Nimesema ufundi huu una wanagenzi. Ni watoto wa shule wanaoshuka alfajiri na soksi zimewekwa mfukoni, wakimfuata dada mkubwa, wakikanyaga alipokanyaga yeye. Hawafundishwi kwa maneno. Ila nisingependa tuishie kusifu miguu yao halafu tuwaachie tope. Njia wanazozitumia zinajulikana, sehemu zinazoteleza zinajulikana, makorongo yanajulikana kwa majina. Ombi langu liende kwa wanaopima barabara za Meru na za mitaa ya chini ya Arusha: msipime Agosti. Njooni Aprili, mvue viatu vya ofisini, mumfuate mama mwenye mkungu kuanzia juu hadi kwenye lami, na kila mahali atakapopunguza hatua, wekeni alama. Hapo ndipo panapohitaji kalvati, daraja la miguu au mawe ya kukanyagia, na yeye ameshawapimia bure.